Mbuzi wa Ndithini

Kithyoko,
9 Mei 1998

Kwako Emily, dada yangu,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Usishangae bahasha ni nene, safari hii sina habari za mvua peke yake. Mvua yenyewe ilibeba mahindi yangu ya kando ya mto, lakini kunde zimebaki, kwa hivyo tutakula.

Ndunda wangu ametimiza mwaka kaburini. Tulifanya ibada ndogo hapa nyumbani. Mueni alitoka chuo cha ualimu akaja kusoma neno, naye hakulia, ni mimi niliyelia. Wageni walipoondoka mama mkwe aliniita jikoni kwake. Akaniambia shemeji yangu Kimeu ametuma ujumbe kutoka huko Athi River anakofanya kazi ya saruji. Akija Desemba atatia seng'enge shamba lote la chini. Anasema nyumba ya kaka yake haina mtoto wa kiume, Mueni naye ataolewa, basi nyumba hiyo imefungwa. Emily, shamba la chini ndilo linalopata maji ya mto. Huku juu ni mawe matupu. Akilichukua lile, mimi hapa sina maisha, nitarudi kwa ndugu zangu nikiwa mgeni mwenye mvi.

Mama mkwe hataki iwe hivyo. Anataka niweke iweto. Yaani nitoe mbuzi, niposewe msichana kwa wazazi wake, aje akae bomani kama mke wa nyumba yangu, na watoto wake waitwe wa Ndunda. Wazee wa ukoo wakishakula hao mbuzi, hakuna wa kusema tena kwamba nyumba imefungwa. Msichana mwenyewe yupo. Anaitwa Ndanu, wa Kivaa, alifukuzwa na baba wa kambo akiwa na mtoto mgongoni, Mumo. Tangu Machi ananisaidia kupalilia. Ni mtu wa kuongea na ng'ombe kuliko watu, lakini mimi ananiita mama, na nimeanza kuitika.

Shida unaijua. Mimi ni mwenyekiti wa umoja wa akina mama hapa, na kanisa letu halitaki hata kusikia neno iweto. Kwa hivyo mama mkwe anasema mbuzi waende Kivaa Agosti, kimyakimya, kabla Kimeu hajajua na kabla pasta hajaitisha kikao. Mbuzi wakishaliwa, wameliwa.

Sikuulizi kwa sababu wewe ni mke wa mwinjilisti. Unajua kwa nini nakuuliza wewe. Usiniambie vile pasta husema, hayo nimeyasikia. Niambie vile wewe unaona. Na habari hii iishie kwako.

Mutanu, Mama Mueni


Athi River,
24 Mei 1998

Mpendwa Mama Mueni,

Bwana asifiwe. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, uji ukaungua, na bado sikusogea. Nimekuonea huruma sana. Mwaka mzima ukilala peke yako, halafu shemeji analeta habari ya seng'enge.

Lakini dada, nakwambia kwa upendo, hapana. Usifanye. Sara naye aliona Mungu amechelewa, akamwingiza Hajiri nyumbani, na unajua jinsi nyumba ile ilivyojaa machozi. Shetani hahitaji pembe ili kuingia kwa mtu aliyeokoka. Huingia na mama mkwe mwema mwenye nia nzuri. Mungu wa wajane hajafunga ofisi, Mutanu. Ngoja. Funga, omba, imba, na ukishindwa kuimba kaa tu mbele zake ukiwa kimya, anaelewa. Mimi nimemwona akifungua njia mahali ambapo hapakuwa hata na nyasi za kukanyaga.

Tena fikiria mtoto. Atakua, atakwenda shule, ataulizwa baba yake ni nani, na atataja jina la mwanamke mbele ya darasa zima. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Justus yuko Machakos kwenye masomo ya uchungaji. Mungu akipenda, mwezi wa kumi askofu atamwekea mikono. Mimi naendelea kushona mikono ya mashati kiwandani, na naambiwa kuanzia Oktoba nitaitwa mama mchungaji, sijui kama kichwa changu kitaenea kwenye kitambaa cha cheo hicho.

Nimefanya jambo moja ambalo najua litakutia nguvu. Jumatano, kwenye maombi ya akina mama, niliomba wakubebe. Jina sikutaja. Nilisema tu ni mjane wa kwetu, upande wa mto Tana, mwenye binti mmoja anayesomea ualimu, ambaye mama mkwe anamshawishi kuweka iweto Agosti kabla shemeji hajajua. Watu walilia. Kuna mmoja anaitwa Mama Syombua, alikaa magotini hata wengine wakamaliza, na baadaye alinifuata mlangoni kuniuliza huyo mjane ni wa Kivaa ama wa Kithyoko, ili amwombee vizuri. Huku tuna watu wenye mzigo kweli.

Jipe moyo. Hauko peke yako.

Dada yako katika Kristo,
Emily, mke wa Mwinjilisti Justus


Kithyoko,
14 Juni 1998

Emily,

Kimeu hakungoja Desemba. Alikuja Jumanne. Nilikuwa shamba la chini na Ndanu tukichuma kunde, nikaona viatu vya mjini juu ya mtaro. Akasema, "Agosti ni mbali, shemeji. Nimeonelea nije sasa."

Alijua mwezi. Alijua kwamba ni mama mkwe aliyenishawishi, na neno lenyewe lilikuwa hilo hilo, kunishawishi, na upande wa mto Tana, na binti mmoja anayesomea ualimu. Alinisomea barua yako ambayo hajaiona. Nilikaa chini kwenye kunde.

Mama Syombua ni mke wake. Hapa nyumbani tunamwita Ndinda. Huko kwenu kila mwanamke ni mama wa fulani, na hakuna anayeuliza huyo mama ameolewa boma gani. Wewe uliliona goti lake tu.

Sasa sikia yaliyofuata. Pasta alikuja na wazee wawili wa kanisa, akaniambia nipumzike uenyekiti. Kitambaa cha kichwa cha umoja nilikivua mwenyewe, nikakikunja vizuri, nikampa. Wazee wa ukoo watakaa kwa chifu Jumamosi tarehe kumi na nane Julai. Wakikubali maneno ya Kimeu, Ndanu anaondoka na shamba linakwenda. Tayari Kimeu ameleta seng'enge, mizigo yake iko hapa uani na kuku wameifanya kitanda.

Mbele ya pasta, Kimeu alisema watoto wa iweto ni watoto wa njiani. Alisema hakuna mtu wa maana, hakuna Mkristo aliyesimama, aliyewahi kutoka nyumba ya namna hiyo, na kama yupo aonyeshwe mmoja. Mimi ninamjua mmoja, Emily. Sikumtaja.

Mimi na wewe tulisoma darasa moja Ndithini. Nimekula muthokoi kwenu kwenye sufuria moja na wewe. Nakumbuka marehemu Kavutha, mwanamke aliyemwoa mama yako, akituchongea penseli kwa kisu chake cha tumbaku, na mama yako Mbinya ametukalisha chini akituchana nywele, na wote wawili wakicheka jambo ambalo sisi hatukulielewa. Sijaona nyumba nyingine yenye kicheko kama kile. Nilikuuliza kwa sababu ulitoka humo. Wewe ukanijibu na Sara. Hajiri naye alionwa na Mungu kule jangwani, lakini hilo halikufika kwenye barua yako.

Nimekukasirikia sana, na bado wewe ndiye mtu niliye naye. Njoo tarehe kumi na nane. Njoo na mama yako, msimame mseme neno moja tu.

Mutanu


Athi River,
21 Juni 1998

Mutanu wangu,

Sijui nianzie wapi. Nilidhani nakuombea, kumbe nakutangaza. Leo asubuhi Mama Syombua alinisalimu kanisani akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akatabasamu, na nilitamani kuuondoa mkono wangu niuache pale pale. Nisamehe. Sina neno lingine zuri kuliko hilo.

Lakini kuja siwezi.

Justus hajui. Alipotaka kunioa nilikuwa nimeokoka juzi tu, na kila mtu kanisani alikuwa anataja baba yake. Nilimpeleka kwa mjomba wangu, Kivaa. Baba yake akapeleka mbuzi wa ntheo huko, mjomba akawapokea, wazee wakawala. Unajua kwetu bila ntheo kufika kwenye boma la mama mzazi hakuna ndoa, hata kama umepigiwa kinanda na ukakata keki. Justus anaamini mbuzi wake walifika. Mama yangu, Justus anamjua kama jirani mzee tu aliyenilea nikiwa mdogo.

Na sasa ni Oktoba inayokuja. Kamati inauliza habari za mke kabla ya kumwekea mtu mikono. Nikisimama kwa chifu wa kwenu asubuhi, Mama Syombua atakuwa amefikisha Athi River jioni. Justus ameingoja siku hii tangu akiwa kijana. Nitamvunja.

Usinitaje, nakuomba. Nitafunga kwa ajili yako wiki hiyo yote.

Emily


Kithyoko,
1 Julai 1998

Emily,

Sitakutaja. Lala.

Nilikwenda Ndithini kumwomba mama yako aje bila wewe. Nilimkuta mlangoni anasuka kiondo, magoti yamevimba, akaniambia hapana kabla sijamaliza salamu za Mueni. Alisema akisimama mbele ya wazee ataulizwa mtoto wake ni nani, na yeye alikuahidi kunyamaza. Sikuweza kubishana naye. Alipika chai, tukanywa.

Ndipo akanisimulia harusi yako, ile ambayo sikuja kwa sababu nilikuwa namuuguza Ndunda. Kumbe Mbinya alikuja. Ulimweka na wapishi. Aliteka maji na kupuliza moto, na saa ya chai wewe mwenyewe ulimtuma ampelekee bwana harusi. Akammiminia. Justus akamshukuru, akamwita susu, kama nyanya yeyote wa kijijini. Wewe na mimi tunajua mama mkwe wa kwetu hatazamani na mume wa binti yake. Akimwona njiani hukata kona, hujifunika leso, hata hujificha nyuma ya ghala, na hiyo ndiyo heshima yake. Mama yako aliniambia hivi: "Mimi nilimwangalia vizuri usoni, kwa sababu mimi si mtu wake." Alikuwa anacheka. Sikukipenda kicheko hicho, si kile ninachokikumbuka.

Sikuandiki ili nikuumize. Au labda kidogo.

Ndanu amefunga vitu vyake kwenye shuka. Hakuna aliyemwambia, amefunga tu, na Mumo analalia huo mzigo. Nimemwambia angoje tarehe kumi na nane. Akaniuliza, kuna nini tarehe kumi na nane? Nikaenda kuangalia ng'ombe.

Mutanu


Machakos,
14 Julai 1998

Mke wangu Emily,

Barua yako ya kuungama niliisoma bwenini, nikatoka nje nikaisoma tena. Ni mwandiko wako, kwa hivyo sina la kukana.

Kwamba wewe ni mtoto wa iweto, hilo halinikasirishi. Ama labda linanikasirisha, bado sijajua, usinilazimishe nijue leo. Linaloniuma ni wale mbuzi. Baba yangu aliwachagua mmoja mmoja, akawapapasa mgongo, akasema hawa wanafaa kwa mama aliyelea msichana kama huyu. Wakaenda kwa mtu mwingine. Na yule mama wa chai, Emily. Nilimwita susu.

Nakuomba usiende Kithyoko Jumamosi. Kamati ya askofu inakaa wiki ijayo. Acha Oktoba ipite, nikishawekewa mikono tutatafuta njia ya kulisema taratibu, mimi na wewe. Ukienda sasa sijui nitawaambia nini. Hata wewe sijui nitakwambia nini.

Sikuamuru. Nakuomba kama mume.

Justus


Kithyoko,
22 Julai 1998

Emily, dada yangu,

Mliondoka bila hata kunywa maji, wewe na mama yako, na huenda hukuona yote yaliyotokea. Kwa hivyo nakuandikia, ili uwe nacho.

Kimeu alikuwa amezungumza muda mrefu na vizuri. Mke wake alikaa nyuma yake ameshika mkoba. Kimeu alipofika kwenye maneno yake ya kuonyeshwa mtu mmoja, nilitazama chini, kwa sababu nilikuahidi. Kisha nikasikia viatu. Umevaa kitambaa cha umoja wenu, umemshika Mbinya mkono, na yeye anatazama miguu yake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Ulisema kwa Kikamba, na mimi naandika vile ulivyosema: "Kimeu anataka aonyeshwe mmoja. Ni mimi. Nililelewa na Kavutha aliyemwoa mama yangu, na mama yangu ni huyu hapa."

Kisha ukakaa. Ndinda alifungua mkoba wake akatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Mzee mwenyekiti akamuuliza mama yako kama Kavutha alitoa mbuzi, naye akajibu kwa sauti ndogo kwamba walitolewa, na baadhi ya waliowala bado wako hai hapo Ndithini. Kimeu akataja kanisa. Mzee akamwambia kanisa litakaa kwake, hapa wamekaa juu ya shamba.

Baada yenu kuondoka walinong'onezana mpaka jua likageuka, halafu wakasema mbuzi waende Kivaa, na shamba la chini ni la nyumba ya Ndunda. Seng'enge bado iko uani, kuku hawajali uamuzi wa mtu. Ndanu alifungua ile shuka, akatundika nguo za Mumo ukutani, akaenda kukamua.

Kitambaa changu hakijarudi, na sidhani kitarudi upesi. Nakaa benchi la nyuma na Ndanu. Kuna upweke huko nyuma, sitakudanganya, na wiki ya kwanza nililia njia nzima ya kurudi nyumbani. Lakini nilimwambia Mungu asidhani ameniondoa, mimi niko.

Mimi nimepona, Emily. Wewe je? Nimetuma mtu kuuliza, na bado hakuna neno. Ulipata nini nyumbani?

Mutanu


Athi River,
13 Septemba 1998

Kwako Mutanu,

Nisamehe kwa kimya. Kila nilipochukua kalamu nilikuwa sina kitu cha kuandika ambacho kingekusaidia kulala.

Justus alirudi kutoka Machakos na hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitisha. Alikula, akashukuru, akalala akiangalia ukuta, na asubuhi akatoka. Ilikuwa hivyo siku baada ya siku. Kamati iliahirisha kumwekea mikono mpaka mwaka ujao, kwanza waiangalie nyumba yetu. Aliniletea habari hiyo kama mtu anayesema maji yamekatika. Nilisimama na sahani mkononi nikangoja anilaumu, hakunilaumu, na nilitamani afanye hivyo ili tumalize.

Jumatano wengine wameacha kuja nikiongoza. Waliobaki nimewaambia sitaleta tena shida ya mtu mbele ya kikundi, hata bila jina, isipokuwa mwenyewe ailete kwa mdomo wake. Kuna waliokasirika. Nafikiri walikuwa wamezoea.

Nilimsimulia Justus yote upya, kwa mdomo, kuanzia Kavutha. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza jambo moja tu. "Yule mama, siku ile, yeye alikunywa chai?" Sikujua. Mutanu, niliolewa siku ile, nikala keki, na sikujua kama mama yangu alikunywa chai. Hapo ndipo nililia kama sijawahi kulia maishani, na yeye akakaa kando yangu kwenye kitanda. Hakunishika, lakini alikaa.

Sasa sikia ya jana. Asubuhi nilitoka nje na ndoo nikakuta mbuzi wamefungwa kwenye bomba la maji la ploti yetu, mwenye nyumba anagomba, watoto wote wa ploti wamezunguka. Justus alikuwa amevaa koti lake la kuhubiria. Akaniuliza, "Ndithini tunashukia wapi?"

Alikuwa amekodi pikapu. Njia nzima mbuzi mmoja alikuwa anakula mkoba wangu. Mama alikuwa mlangoni na kiondo chake. Aliniona mimi kwanza, akainuka pole pole, anajishika magoti, ili aje. Halafu akamwona Justus anashuka na kamba mkononi, na mbuzi nyuma yake.

Alikimbia. Mama yangu, na yale magoti. Alitupa kiondo, akakimbia mpaka nyuma ya ghala, akajifunika leso kichwa chote, akatupa mgongo. Nilitaka kumfuata, nikadhani amekasirika. Ndipo nikamwona Justus. Alikuwa amegeuza uso wake upande wa ua, kama inavyompasa mkwe, na alikaa hivyo hivyo, ameshika kamba, mpaka nikaja nikaipokea. Akasalimu huku anautazama ua. Sauti ikajibu kutoka nyuma ya ghala, ikamwita mkwe wangu.

Nilipika chai mwenyewe. Nikampelekea kikombe huko nyuma. Aliinywa yote akiwa amesimama, machozi yakiingia humo humo, akanirudishia kikombe, akaninong'oneza nimwangalie sana Justus asije akasogea karibu.

Dada yako,
Emily wa Mbinya